Mwanamke katika Familia, Kazi na Jamii: Mafundisho ya Kanisa, Sheria za Nchi na Mila Zetu

Utangulizi

Sisi mapadre huitwa mara nyingi kusali na familia siku ya kumaliza matanga. Baada ya sala na chakula, wazee wa ukoo hukaa kikao. Katika baadhi ya vikao hivyo, mama aliyelima shamba lile miaka mingi, aliyebeba maji ya kufyatulia matofali ya nyumba ile na kusomesha watoto kwa mauzo ya ndizi na maharage, huulizwa swali moja tu: lini anarudi kwao? Si kila ukoo unaofanya hivyo, na tunamshukuru Mungu kwa wazee wengi wenye hekima na huruma. Hata hivyo, jambo hili linatokea, tena katika familia zenye msalaba ukutani na cheti cha ndoa ya Kanisa kabatini.

Nafasi ya mwanamke katika nchi yetu imebadilika sana. Leo mwanamke ni mkulima, mfanyabiashara, mwalimu, daktari, hakimu na mbunge. Na tangu tarehe 19 Machi 2021 Tanzania inaongozwa na Rais mwanamke, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan. Majukumu yake yameongezeka, lakini haki zake nyumbani hazijaongezeka kwa kipimo kilekile. Katika makala hii tunaeleza Maandiko Matakatifu na Mama Kanisa wanafundisha nini, sheria za nchi zinasema nini, na familia ya Kikristo inapaswa kufanya nini.

1. Msingi katika Maandiko Matakatifu

Kitabu cha Mwanzo kinafundisha kwamba Mungu alimwumba mwanadamu kwa mfano wake, mwanamume na mwanamke (Mwa 1:27). Wote wawili wanabarikiwa, na wote wawili wanakabidhiwa dunia waitunze. Katika sura ya pili mwanamke anaitwa msaidizi, na wapo waliolitumia neno hilo kumfanya mtumishi wa mume. Lakini neno la Kiebrania lililotumika hapo, ezer, ndilo linalotumika katika Zaburi kumtaja Mungu mwenyewe kuwa msaada wa watu wake. Msaidizi wa namna hiyo hawezi kuwa mtu wa daraja la chini.

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa na mkutano wote. Baba yao amekufa bila kuacha mwana wa kiume, nao wanaomba urithi wa ardhi. Musa analipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana anasema kwamba mabinti hao wamenena haki. Sura ya 31 ya kitabu cha Mithali inamsifu mke mwema, na sifa zake haziishii jikoni: anachagua shamba na kulinunua, anapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake, anafanya biashara ya nguo. Sura hiyo inamalizika kwa agizo kwamba apewe matunda ya kazi ya mikono yake. Wengi wetu tumeisikia sura hii harusini na katika mazishi ya mama zetu. Ni wachache waliotafakari agizo hilo la mwisho.

Kristo Yesu alizungumza na Mwanamke Msamaria hadharani, akafuatana na wanawake waliomhudumia kwa mali zao (Lk 8:1-3), na Maria Magdalena akawa wa kwanza kutumwa kuwapasha Mitume habari za Ufufuko. Aliwakemea vikali walimu wa Sheria waliokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu (Mk 12:40). Nyakati za Mitume tunakutana na Lidia, mfanyabiashara wa nguo za zambarau, aliyeikaribisha Injili nyumbani kwake. Pia Foibe, mhudumu wa Kanisa la Kenkrea.

2. Mafundisho ya Kanisa

Mwaka 1963, katika Waraka wake Pacem in Terris, Mtakatifu Yohane XXIII alitaja kuingia kwa wanawake katika maisha ya hadhara kuwa miongoni mwa alama za nyakati. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani, katika Hati ya Gaudium et Spes, namba 29, ulifundisha kwamba ubaguzi wa haki msingi kwa sababu ya jinsia ni kinyume cha mpango wa Mungu. Ulitaja waziwazi mwanamke anayenyimwa uhuru wa kumchagua mume, wa kuchagua hali yake ya maisha, au wa kupata elimu sawa na mwanamume.

Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika Barua ya Kitume Mulieris Dignitatem, juu ya hadhi na wito wa mwanamke, tarehe 15 Agosti 1988, na mwaka 1995 akawaandikia wanawake wote barua ya shukrani. Katika Waraka huo wa mwaka 1988, namba 24, anafafanua maneno ya Mtume Paulo kwa Waefeso yanayotumiwa mara nyingi vibaya. Mtume anaanza kwa kuwataka wanandoa wanyenyekeane wao kwa wao katika kumcha Kristo (Efe 5:21). Mume anapoitwa kichwa, anatakiwa ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Anayeutumia ukichwa huo kuamrisha, kupiga au kuficha mapato hajaisoma barua hiyo hadi mwisho.

Kwa Bara letu, Wosia wa Kitume Ecclesia in Africa wa mwaka 1995 na Africae Munus wa mwaka 2011 zilisikitikia mila na desturi zinazomnyima mwanamke haki na heshima anayostahili. Mama Kanisa anathamini utamaduni wa Kiafrika: anauheshimu ukoo, wazee na mahari kama ishara ya udugu wa familia mbili. Lakini kila desturi hupimwa kwa Injili. Mahari inapogeuzwa kuwa bei, na mume akathubutu kusema kwamba amemnunua mkewe, desturi hiyo imepoteza roho yake.

3. Kazi ya nyumbani na kazi ya nje

Waamini hutuuliza mara kwa mara: je, Kanisa linataka mama abaki nyumbani? Jibu limo katika Wosia wa Kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981, namba 23. Usawa wa hadhi unampa mwanamke haki kamili ya kushika kazi na nyadhifa katika jamii. Papo hapo, kazi yake nyumbani iheshimiwe, wala asilazimishwe na umaskini au na dharau ya watu kuiacha. Waraka Laborem Exercens, wa mwaka huohuo, unadai kazi zipangwe kwa namna ambayo mama hatalipa maendeleo yake kwa gharama ya familia yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaelekea huko: mama anayejifungua anastahili likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha wakati wa kazi. Baba anapewa siku 3. Lakini mama wengi wa parokia zetu hawana mwajiri wala likizo. Mwajiri wao ni jembe, genge la nyanya au cherehani. Mama huyo huamka kabla ya kengele ya Misa ya alfajiri, na jioni akirudi sokoni anakuta moto haujawashwa, watoto hawajaoga na mume anauliza chakula. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Familiaris Consortio, namba 25, inawataka akina baba washiriki malezi kwa ukarimu zaidi. Kijana wa kiume anayefundishwa kupika, kufua na kumbeba mdogo wake anaandaliwa kwa Sakramenti ya Ndoa mapema kuliko yule anayesubiri semina ya uchumba.

4. Mali, ardhi na mjane

Hapa ndipo penye jeraha kubwa, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata na kumiliki mali, inakataza mwenzi kumpiga mwenzake, na hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wa pili. Mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Shauri hilo lilihusu talaka, nasi tunashika fundisho la Bwana kwamba ndoa haivunjwi na mwanadamu. Hata hivyo, kanuni iliyotamkwa ni ya haki: aliyepika, kulea na kuuguza naye amejenga.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinatambua haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Desturi inayomnyima haki hiyo haina nguvu ya sheria. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua shauri la mama mmoja kutoka Kagera aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mahakama iliona kwamba kumzuia kwa sababu ni mwanamke, wakati wanaume waliruhusiwa, ni ubaguzi unaopingana na Katiba.

Ugumu unabaki katika mirathi. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimnyima mjane fungu katika mali ya mumewe pale marehemu anapoacha ndugu wa ukoo. Likasema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa upande mwingine ipo sheria ya mirathi ya mwaka 1865 iliyotoka India wakati wa ukoloni, inayompa mjane mwenye watoto theluthi moja ya mali, na watoto theluthi mbili. Mahakama huamua sheria ipi itumike kwa kuangalia nia ya marehemu na namna alivyoishi. Basi tujiulize: mume aliyefunga ndoa kanisani lakini akaendesha mambo yake yote kwa mila, amemwachia mkewe ushahidi gani?

5. Mwanamke katika uongozi na katika Kanisa

Katiba ya nchi inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30. Mheshimiwa Anne Makinda alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge, mwaka 2010 hadi 2015. Ndani ya Kanisa, Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2021 alifungua kwa wanawake huduma rasmi za usomaji na utumishi wa Altare, na mwaka huohuo akaanzisha huduma rasmi ya Katekista kwa walei, wanaume kwa wanawake. Mwezi Januari 2025 Sista Simona Brambilla, aliyewahi kuwa mmisionari nchini Msumbiji, aliteuliwa kuliongoza Baraza la Kipapa la Watawa, mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya namna hiyo. Kuhusu Daraja Takatifu ya Upadre, Kanisa linafundisha kwamba halina mamlaka ya kuitoa kwa wanawake (Ordinatio Sacerdotalis, 1994). Fundisho hilo halipunguzi hadhi ya mwanamke, kwa maana ukuu katika Kanisa ni utakatifu, na hakuna kiumbe aliyemzidi Bikira Maria.

Hapa kwetu, Wanawake Wakatoliki Tanzania, WAWATA, waliadhimisha Jubilei ya miaka 50 mwaka 2022. Ni wanawake wa shoka: wamejenga makanisa, wamewalipia ada waseminari, wamewatembelea wagonjwa. Sisi wachungaji tukiri kosa letu: mara nyingi tumewaita kupika na kuchanga, lakini tukawasahau wakati wa kupanga.

6. Familia na Jumuiya zifanye nini?

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tunapendekeza mambo haya.

Kwanza, wanandoa wazungumze juu ya mali yao wakiwa hai na wenye afya. Hati ya shamba au kiwanja iandikwe kwa majina ya wote wawili.

Pili, mume na mke waandike wosia mbele ya mashahidi, kwa ushauri wa mtu anayeijua sheria. Wosia hauiti kifo; ni tendo la upendo kwa wanaobaki.

Tatu, cheti cha ndoa kitunzwe mahali salama. Kikipotea, fikeni ofisi ya parokia mapema, kabla ya msiba.

Nne, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zisiishie kuchangia sanda. Zimsindikize mjane katika kupata cheti cha kifo na kufungua mirathi mahakamani, na zimshauri asitie saini karatasi yoyote asiyoielewa wakati wa matanga. Asilazimishwe kurithiwa na ndugu wa marehemu. UWAKA wana nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa mwanaume humsikiliza mwanaume mwenzake.

Tano, anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie tu kwa sababu ndoa ni msalaba. Msalaba wa Kristo hauhalalishi dhambi ya mwenye kupiga. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inaruhusu kutengana pale mwenzi anapomhatarisha mwenzake au watoto. Afike kwa paroko, na pia kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi.

Hitimisho

Chini ya Msalaba, Bwana wetu hakumwacha Mama yake bila makao. Alimkabidhi kwa mwanafunzi, na tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake (Yn 19:27). Haikuwa mali iliyogawanywa siku ile, bali dhamana ya kumtunza mama. Wapendwa waamini, kikao cha ukoo kitakachofuata kikiketi katika nyumba ya Mkristo, aliyeoa na kuolewa mbele ya Altare, mjane asiulizwe lini anarudi kwao. Yuko kwake. Na wewe baba unayesoma makala hii ukiwa mzima, jioni ya leo kaa na mkeo, mfungue kabati, mtazame hati zenu zimeandikwa majina ya nani.