Chembe za udongo dhidi ya virusi vya mimea: muhogo una nafasi gani?

Virusi vikishaingia ndani ya mmea, hakuna dawa dukani ya kuvitoa. Ndiyo maana ushauri wa mabwana shamba haujabadilika kwa miaka mingi: ng'oa mmea ulioambukizwa, panda vipando safi, chagua aina inayostahimili.

Mwezi Januari 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakiongozwa na Neena Mitter, walieleza njia nyingine katika jarida la Nature Plants. Waliiita BioClay. Msingi wake ni RNA ya nyuzi mbili, iliyonakiliwa kutoka kipande cha jeni za virusi vinavyolengwa. Mmea ukiipokea, huichukulia kuwa dalili ya uvamizi, na huanza kuikatakata RNA yoyote inayofanana nayo, ikiwemo ya virusi vyenyewe. Jeni za mmea hazibadilishwi.

RNA ikipuliziwa peke yake, hata hivyo, haidumu juu ya jani. Kwa hiyo hubebwa na vibamba vya madini yanayofanana na udongo wa mfinyanzi, ambavyo upana wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita. Vibamba vina chaji chanya na RNA ina chaji hasi, hivyo hushikamana. Unyevu na hewa ya ukaa huviyeyusha polepole, na RNA huachiliwa kidogo kidogo. Katika mimea ya tumbaku, upuliziaji mmoja ulitoa kinga kwa siku zisizopungua 20, hata kwa majani yaliyochipua baadaye.

Mimea hiyo ilipuliziwa kabla ya kuambukizwa. Jambo hilo ni zito kwa wakulima wa ukanda wetu, kwa kuwa muhogo hupandwa kwa pingili, na pingili nyingi hutoka kwa jirani zikiwa tayari zimebeba virusi. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa kwa mara ya kwanza huko Amani, Tanganyika, katika miaka ya 1930, na uliozuka upya Uganda mwaka 2004, unaweza kuozesha mizizi huku majani yakionekana mazima; mkulima huugundua siku ya kuvuna. Kupulizia majani hakusafishi pingili. Aidha, muhogo hukaa shambani mwaka mmoja au zaidi: kwa kinga ya siku 20, mwaka mmoja ungehitaji upuliziaji mara 18 hivi. Ni mkulima gani mdogo atakayeumudu?

Pengine njia ya mkato ni kumlenga mdudu. Mwaka 2022 watafiti wa chuo hichohicho walionesha kwamba RNA iliyobebwa na vibamba hivyo huua nzi weupe katika hatua mbalimbali za ukuaji wao. Nzi weupe ndio wanaoeneza batobato na michirizi ya kahawia katika mihogo. Majaribio hayo yalifanywa kwenye pamba.