Genesis: Mtoto wa Hyundai Aliyepata Jina Baada ya Kupanda Juu

Wadau, nianze na swali. Ukisimama Mwenge nusu saa tu, utahesabu Harrier ngapi zilizobanduliwa ile nembo ya ndege pale mbele zikabandikwa L ya Lexus? Watu huwa wanacheka, wanasema jamaa anajifanya. Ila kusema ukweli jamaa hajadanganya sana. Harrier ya kwanza iliyotoka Japani mwishoni mwa 1997 ndiyo hiyohiyo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Lexus RX 300. Hata ile iliyofuata, hii tunayoiita tako la nyani, kule Marekani ilikuwa Lexus RX. Chuma kile kile, majina mawili. Mmarekani aliyeinunua alikuwa anajua amenunua Lexus, habari za Toyota hazikumhusu.

Leo tuongelee hizo nembo zinavyopata heshima, na hasa nembo moja changa inaitwa Genesis. Hii ni ya Wakorea, mtoto wa Hyundai. Ilitangazwa kama nembo inayojitegemea Novemba 2015, ikakaa miaka zaidi ya minne inauza magari ya chini tu, halafu Januari 2020 ikaingia kwenye soko la SUV, yaani magari ya juu, kwa gari moja inaitwa GV80. Wengi walisema imechelewa. Mimi nasema historia ilikuwa upande wake, na nitaeleza kwa nini.

Baba alikotoka

Huwezi kumwelewa mtoto bila kumjua baba. Hyundai Motor ilianza 1967. Mwaka 1986 iliingia Marekani na kigari kinaitwa Excel, bei dola 4,995. Mwaka wa kwanza tu ziliuzwa zaidi ya 168,000. Sherehe! Lakini baada ya muda magari yakaanza kuchoka mapema, na jina la Hyundai likawa kichekesho. Wachekeshaji wa televisheni za usiku walikuwa wakitaka watu wacheke haraka, wanaitaja Hyundai.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakafanya jambo la kijasiri. Wakatoa dhamana ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia. Yaani walisema, kama unaona tunatengeneza uchafu, basi ukiharibika gharama ni yetu. Na ukiweka ahadi kama hiyo, huna ujanja, lazima utengeneze gari inayodumu, la sivyo utafilisika kwa kulipia gereji.

Ilifanya kazi. Mwaka 2008 wakatoa gari kubwa ya kistaarabu inaitwa Hyundai Genesis, na mwaka 2009 ikachukuliwa kuwa Gari Bora la Mwaka la Amerika Kaskazini. Tatizo likawa moja tu: mtu anatoa dola 40,000, halafu anaenda kuchukua gari yake kwenye duka lilelile ambalo kijana wa chuo ananunua kigari cha kuanzia maisha. Tajiri hataki kukaa kwenye benchi moja na wewe akisubiri oili. Ndiyo maana 2015 wakaamua Genesis iondoke nyumbani ikajitegemee.

Waliotangulia kwenye njia hii

Wakorea hawakuwa wa kwanza. Wajapani walishapita hapo. Honda ilianzisha Acura Marekani mwaka 1986. Toyota na Nissan zikafuata 1989, moja na Lexus, nyingine na Infiniti. Wote walianza na magari ya chini. Lexus ilianza na LS 400, gari iliyowakosesha Wajerumani usingizi kwa utulivu wake na bei yake.

Sasa angalia kilichotokea watoto hawa walipopanda juu.

Infiniti iliwahi. Mwaka 1996 ilitoa QX4. Lakini QX4 ilikuwa Nissan Pathfinder iliyovalishwa suti, na Pathfinder zilikuwa zimejaa barabarani. Mteja akisimama kwenye taa, pembeni yake kuna mtu ana gari ileile kwa hela ndogo. Inauma, si unajua?

Lexus ikaja 1998 na RX 300. Nayo ilitumia mifupa ya Toyota, tena mifupa ya familia ya Camry, wala haikuwa gari ya porini. Lakini Marekani hakukuwa na Toyota yenye sura ile. Harrier ilibaki Japani. Kwa hiyo mama wa Kimarekani aliyeinunua apeleke watoto shule hakuwahi kuiona gari yake ikiwa na nembo ya bei rahisi. RX ikawa ndiyo Lexus inayouzwa kuliko zote, na imekaa hapo mpaka leo. LS 400 ililetea Lexus sifa. Hela ya kujengea nyumba ililetwa na RX.

Acura nayo ilitoa MDX mwaka 2000, na Honda Pilot, ndugu yake wa bei nafuu, ikaja 2002. Mtoto wa kifahari alitangulia, ndugu akafuata. MDX ikawa nguzo ya Acura.

Mtu ataniuliza, mbona Lexus LX ni Land Cruiser kabisa na watu wanainunua? Jibu ni rahisi. Land Cruiser haina jina la kimaskini mahali popote duniani. Kumvalisha suti mtu ambaye tayari anaheshimika hakuna kosa.

Kwa hiyo somo ninaloliona ni hili: nembo changa inasifiwa kwa gari ya chini, ila inasimama kwa gari ya juu. Na hiyo gari ya juu itakubalika kama mteja hajawahi kuiona mtaani kwa jina la bei rahisi.

Sifa tele, wateja hakuna

Genesis ilipoanza ilienda kuchukua watu wakubwa. Alikuwepo mchoraji aliyewahi kuongoza uchoraji wa Bentley. Bosi wa nembo alitoka Lamborghini. Hyundai yenyewe ikamchukua mhandisi aliyekuwa anasimamia magari ya M ya BMW. Majina siyataji, ila wapenzi wa magari wanawajua. Mkwanja ulitembea.

Na magari yalitoka mazuri kweli. G90, G80, halafu G70. Mwaka 2018 utafiti wa J.D. Power wa ubora wa magari mapya Marekani uliiweka Genesis namba moja, juu ya Wajerumani na Wajapani wote. Mwanzoni mwa 2019 G70 ikachukua ile tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Amerika Kaskazini.

Lakini mwaka huohuo wa 2018 waliopewa namba moja, mauzo yao Marekani yaliporomoka mpaka kama 10,000 hivi, kutoka kama 20,000 mwaka uliotangulia. Nusu imepotea! Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, walikuwa wanatenganisha maduka ya Genesis na ya Hyundai, na Marekani kila jimbo lina sheria zake za leseni za kuuza magari, wenye maduka wakagoma na kulalamika, magari yakakosa pa kuuzwa. Ya pili ni kwamba Wamarekani walikuwa wanayahama magari ya chini. Genesis ilikuwa na magari matatu, yote ya chini. Ni kama fundi mzuri sana wa kushona kaunda suti kwenye mtaa ambao kila mtu anavaa jinzi.

Gari ya maonyesho ya GV80 walikuwa wameshaionyesha New York mwaka 2017. Watu walisubiri karibu miaka mitatu.

GV80 inatoka

Hapa ndipo ninapowapa heshima Wakorea. Hyundai tayari walikuwa na Palisade, gari ya juu yenye viti safu tatu, nzuri, iliyotoka mwishoni mwa 2018. Njia ya mkato ilikuwa kuivalisha Palisade ngozi na mbao, kuipa taa mpya, na kuiita Genesis. Yaani wafanye QX4 yao.

Hawakufanya hivyo. Palisade nguvu yake inaanzia matairi ya mbele. GV80 waliijengea mifupa mingine, injini imelazwa kwa urefu na nguvu inaanzia matairi ya nyuma, kama BMW X5 na Mercedes GLE. Ndani wakaifanya sebule. Nje wakaipa taa za mistari miwili mbele, ubavuni na nyuma, hata usiku ukiiona kwa mbali unajua hii ni Genesis. Hakuna Hyundai yoyote duniani yenye umbo lile. Bei Marekani ilianzia dola 48,900, chini ya X5 kwa maelfu ya dola.

Kule Korea siku ya kwanza tu zilipokelewa oda zipatazo 15,000. Haikuwa mteremko hata hivyo. Juni 2020 walisimamisha kukabidhi zile za dizeli kwa sababu injini ilikuwa inatetemeka. Corona nayo ilikuwa imeshaingia. Marekani gari ilifika mwishoni mwa mwaka. Mwaka huohuo wa 2020 Infiniti ilikuwa inafungasha virago Ulaya Magharibi. Njia ileile, watoto wawili, mmoja anarudi na mwingine ndiyo anatoka.

Asubuhi ya Februari 23, 2021

Hii stori wengi mnaijua. Bingwa mmoja wa gofu, jina sitaji, alikuwa Los Angeles kwenye mashindano yanayodhaminiwa na Genesis. Alipewa GV80 ya kutembelea. Asubuhi ya tarehe 23 Februari 2021 gari iliacha njia kwenye mteremko, ikabingirika. Miguu yake iliumia vibaya. Polisi walikuja kusema ilikuwa inakimbia karibu mara mbili ya kasi inayoruhusiwa pale.

Lakini yule mkuu wa polisi wa kaunti alieleza pia kwamba sehemu ya ndani, pale alipokaa dereva, ilibaki karibu nzima, na ndiyo iliyomsaidia kubaki hai. GV80 ina eabegi kumi, mojawapo inafumuka katikati ya viti vya mbele. Siku ile watu ambao hawajawahi kusikia neno Genesis walikaa wanatafuta mtandaoni, ni gari gani hii?

Sipendi kusema ajali ya mtu ni tangazo. Mtu aliumia, na bado anaumia. Ninachosema ni kwamba kichekesho cha miaka ya 1990 kilizikwa pale. Watoto wa wale waliokuwa wakiicheka Hyundai sasa walikuwa wanauliza bei ya gari ya mwanawe.

Namba zikafuata. Mwaka 2021 Genesis iliuza Marekani karibu magari 50,000, mara tatu ya 2020, na zaidi ya nusu yalikuwa ya juu: GV80 na mdogo wake GV70, ambayo jarida la MotorTrend liliichagua SUV ya mwaka 2022. Mwaka 2023 wakapita 69,000, mwaka 2024 wakafika 75,000. Magari ya chini yaliyowaletea tuzo zote zile, sasa yanaishi kwa kivuli cha haya ya juu.

Mbele kukoje?

Nisiwapambe sana. Kati ya magari milioni moja ya kwanza ambayo Genesis iliuza duniani mpaka 2023, karibu 690,000 yaliuzwa nyumbani Korea. Marekani wamekubalika, lakini Ulaya walikoingia 2021 bado ni wageni sana mbele ya Mercedes, BMW na Audi. Halafu mwaka 2021 walitangaza kwamba kuanzia 2025 gari zao zote mpya zitakuwa za umeme, baadaye wakalegeza na kurudi kwenye haibridi, kwa sababu wateja hawakuhamia kwenye umeme kwa kasi iliyotarajiwa. Nembo changa ikiyumba hivyo watu wanaona.

Na huku kwetu? Tusitegemee kuziona Mwenge kesho. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na Genesis haiuzwi Japani. Za Korea usukani uko kushoto, na Kenya hawaruhusu kabisa kuingiza gari ya namna hiyo kwa matumizi ya kawaida, tena isizidi miaka minane. Mlango uliobaki ni mitumba ya Uingereza, kule ambako Range Rover nyingi za mjini zinatoka. Zile za Genesis zilizouzwa Uingereza 2021 ndiyo hizo zinazidi kushuka bei. Ila fundi wa kuigusa na spea zake utazipata wapi? Hilo ndilo linaloifanya Harrier iendelee kutawala. Jina kubwa bila spea ni mzigo.

Ila mimi linalonigusa ni hili. Watu waliochekwa kwenye televisheni hawakujibu kwa kubadilisha nembo kwenye gari ileile ya zamani. Walikaa miaka thelathini na zaidi kati ya Excel na GV80, wakalipia gereji za watu, wakapoteza nusu ya mauzo wakijenga maduka yao, ndipo wakapanda juu. Nasi mtaani tunafanya kinyume, tunaanza na L mbele ya Harrier halafu ndiyo tunatafuta hela ya mafuta.

Haya, mpira uko kwenu. Ukipewa hela ya GV80 ya mtumba kutoka Uingereza au Harrier Anaconda, hela ni ileile, unachukua ipi? Na wewe uliyebandika L, ingia hapo chini ujitetee, hatukuchomi. Tupia maoni.