Kumsimulia Babu kwa Wajukuu Wasiomwona

Katika magofu ya Gede, kusini ya Malindi, lipo kaburi lililochorwa tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 ya Miladi. Karne nyingi za pwani yetu zimesimama hivyo, kwa mawe. Malindi, Mnarani, Kaole na Kunduchi yapo makaburi ya nguzo, na baadhi yake yalipachikwa bakuli na sahani za Kichina ili mpita njia ajue kwamba aliyelala pale alikuwa mtu wa mali na daraja. Waliolala humo walikuwa baba za watu na babu za watu. Lakini mengi ya makaburi hayo hayana hata jina. Chokaa imetuhifadhia cheo cha marehemu, yeye mwenyewe ametupotea. Hatujui alikuwa mkali au mpole, wala alipenda kukaa wapi jioni.

Kwa Wamijikenda, bara kidogo tu ya magofu hayo, mti ulifanya kazi nyingine. Mzee wa chama cha gohu akifariki, jamaa zake humchongea kigango: ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa na nakshi za pembetatu, unaosimikwa bomani ili koma yake, yaani roho yake, ipate makao. Mara nyingi ni koma yenyewe inayodai, kwa kumjia mtu ndotoni au kwa maradhi na mikosi ya nyumbani. Huyo ni baba ambaye bado yumo nyumbani, mwenye haki ya kumwagiwa tembo na kupewa habari za ukoo. Ndiyo maana sina jina jingine la biashara ya vigango iliyoshamiri tangu miaka ya 1970 isipokuwa wizi wa wazee wa watu. Mwaka 1985 viliibwa viwili ambavyo Mzee Kalume Mwakiru aliwasimikia ndugu zake. Wanaanthropolojia walivifuatilia mpaka kwenye makumbusho ya vyuo vikuu viwili vya Marekani, na mwaka 2007 vikakabidhiwa ukoo. Mzee Kalume mwenyewe alikuwa ameshafariki. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha Kenya vigango 30, na vingi vya namna hiyo havijulikani vilitoka kwa nani. Kigango kikishang'olewa bila jina, ni taabu kumrudishia mjukuu babu yake.

Jiwe na mti, basi, havitoshi bila maneno. Na katika karne ya 19, walioyashika maneno hayo kwa upendo mkubwa walikuwa wanawake.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mgonjwa na akijua siku zake si nyingi, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi. Watu wengi tunaukumbuka kwa mawaidha yake juu ya mume na nyumba, na wengine wamegombana nao kwa sababu hizo hizo. Mimi nauthamini zaidi kwa pale mama anapomweleza mtoto jinsi alivyoishi na babake: furaha, vicheko na kustahiana mpaka mauti yakaingia kati. Baba huyo alikuwa Bwana Mataka, sheikh wa Siyu, aliyeyapinga majeshi ya Seyyid Said wa Unguja. Historia ya siasa inamtaja kama mpiganaji. Mkewe peke yake ndiye aliyetwambia kwamba alikuwa mtu wa kucheka nyumbani.

Adui yake naye alikuwa baba. Seyyid Said bin Sultan alifariki merikebuni Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Maskati. Bintiye Salme, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, alikuwa na miaka 12. Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma tu, kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mfupa ule ulikuja kutufaa sote. Mwaka 1866 alikimbia Unguja, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, na mwaka 1870 mumewe akafariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu katika nchi ya baridi. Kwa ajili ya watoto hao alianza kuandika. Kitabu kilipotoka mwaka 1886 kilikuwa kimembeba babu yao: jinsi alivyozunguka kwenye baraza ya mviringo ya Mtoni iliyoelekea bahari, ameinamisha kichwa, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi aliyopigwa pajani vitani. Balozi yeyote angeweza kuandika juu ya mikataba na mikarafuu ya Seyyid Said. Mwendo wake ulimhitaji mwana.

Na mbegu hiyo iliota. Mtoto wake wa kiume, Rudolph Said-Ruete, ambaye hakumwona babu yake hata siku moja, alichapisha London mwaka 1929 kitabu kizima juu ya maisha na utawala wa Said bin Sultan. Miaka 73 baada ya mauti, mjukuu anamsimulia babu!

Lakini upendo wa mwana una pazia lake, na hapa lazima tulifunue. Mashamba ya karafuu ya yule baba mpendwa yalilimwa na watumwa, nao walikuwa baba na babu za watu, walionyang'anywa hata nafasi ya kuwasimulia wana wao walikotoka. Binti alimpenda baba, naye katika kitabu hicho hicho akautetea utumwa. Nampenda Salme kama msimulizi, lakini ukurasa huo siwezi kuusoma nikanyamaza.

Jibu lilitoka Kisauni, Mombasa. Hapo wamisionari wa Kiingereza wa CMS walianzisha Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kengele yao ndiyo iliyoliachia eneo jina la Kengeleni. Mwaka 1934 James Mbotela, mtoto wa kijiji hicho, alitoa kitabu *Uhuru wa Watumwa* kutokana na masimulizi ya wazee waliopitia misafara na majahazi, baba yake akiwa mmoja wao. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki. Hata hivyo, mtu aliyewahi kuhesabiwa kama bidhaa alipata mwana wa kumsimulia kwa Kiswahili, akachapishwa. Kwangu hilo ni kubwa kuliko nguzo zote za Kunduchi. Ukoo huo ndio uliotupa baadaye Leonard Mambo Mbotela, sauti iliyouliza redioni kwa miongo mingi, "Je, huu ni uungwana?"

Mshairi Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki 1962, hakungoja mwana amsimulie. Ndani ya *Maisha Yangu* aliweka tenzi mbili za wosia, mmoja kwa bintiye na mmoja kwa mwanawe wa kiume, baba akisema angali hai.

Leo tuna redio, magazeti na simu, na tanzia zetu zimekuwa nyingi kuliko wakati wowote. Zisikilize vizuri: marehemu ni baba wa fulani, babu wa fulani, shemeji wa fulani, msiba uko mahali fulani, mazishi ni baada ya sala ya alasiri. Yote hayo yanahitajika, maana jeneza halingoji. Kisha inakuja arobaini, hitima inasomwa, pilau inaliwa, watu wanatawanyika. Ni wapi palipoandikwa kwamba alikuwa fundi cherehani mtaa wa pili, kwamba alihama kwao akiwa na umri gani na kwa nini, kwamba aligombana na kaka yake wakapatana?

Msiba wenye watu mia tatu una watu mia tatu wanaomjua marehemu. Siku ya arobaini, kabla ya watu kutawanyika, mpeni kijana mmoja daftari akae na wazee mmoja mmoja awaulize, wale waliogombana naye pia. Andikeni jina la mama yake na kijiji alichozaliwa, na kila mjukuu achukue nakala.