Hukumu ya Kula Pamoja Katika Meza ya Chakula cha Kichina na Kithai

SWALI: Mume wangu amehamishiwa kazi Kilosa nasi tumemfuata kutoka Unguja. Mwezi uliopita wenzake wa kazini walituandalia chakula cha jioni Mikumi, cha Kichina na Kithai. Sahani ziliwekwa katikati, kila mtu akachota. Binti yetu wa miaka saba alikula vitu kama sambusa za kuchemsha, vitatu au vinne, kisha mhudumu akatwambia ndani yake mna kitimoto. Tangu siku hiyo mume wangu hataki kukaa na wenzake, na mimi nimekosa raha. Je, mtoto ana dhambi? Sisi je? Tukialikwa tena tufanyeje?

JIBU: Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake.

Tuanze na mtoto, maana ndiye aliyekunyima usingizi. Hana dhambi. Hajabaleghe, kwa hiyo kalamu haijaanza kumwandikia, na isitoshe hakujua. Nanyi wazazi hamkujua pia, na Allah hamchukulii mja kwa kosa asilolikusudia. Msimwambie maneno ya kumtisha, wala asisikie mkilitaja jambo hili kila siku. Mfundisheni tu kwamba ugenini tunauliza kabla ya kula.

Kuhusu tohara, kauli iliyotegemewa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii ni kwamba najisi ya nguruwe huoshwa kama ya mbwa, mara saba, moja yake kwa maji yenye udongo. Lakini Imamu Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu, ameeleza katika al-Majmuu kuwa kwa upande wa dalili, kauli ya kuosha mara moja katika nguruwe ina nguvu zaidi. Kwa mtoto ambaye tangu usiku ule ameshasukutua na kuoga mara nyingi, tunaona kauli hii inatosha. Msianze kumkwangua mdomo kwa udongo leo.

Sasa tuje kwenye meza yenyewe. Mikumi iko ndani ya wilaya ya Kilosa, juu ya barabara kuu ya kwenda Iringa, na Kilosa nayo imepitiwa na reli ya kisasa. Wageni wa kila namna hukutana huko, na vyakula vyao hufuatana nao. Jamaa zetu wengi wa visiwani wako Bara kikazi, na kuwaambia wasikae na mtu si jawabu.

Chakula cha Kithai hakitutishi sana kwa sura yake. Tui la nazi, mchaichai, ndimu, pilipili na samaki ni vitu vya jikoni kwetu. Waislamu wa Pattani, kusini mwa Thailand, ni Mashafii kama sisi na wanapika vyakula hivyo hivyo. Ile sosi ya samaki yenye harufu kali hutengenezwa kwa dagaa na chumvi, na asili yake ni halali. Kamba na pweza hawana tatizo. Kaa wana khilafu ndani ya madhehebu: katika Minhaj, Nawawi amewaweka pamoja na chura katika viliwavyo haramu, na katika al-Majmuu maneno yake yana wasaa zaidi. Chura haliwi.

Kwa Wachina jambo la kwanza kujua ni la lugha. Kwao neno "nyama" likitajwa peke yake, mara nyingi makusudio ni nguruwe. Kwa hiyo "vya nyama" katika orodha ya vyakula si lazima viwe vya ng'ombe, na hapo ndipo binti yenu aliponaswa. La pili ni mvinyo wa mchele, ambao wapishi wao wengi hutia katika nyama na sosi. Wapo wanaosema moto unaumaliza. Sisi hatuukubali udhuru huo: ulevi uliotiwa chunguni umeshakinajisi chakula, na kuchemka hakukitoharishi. La tatu ni mafuta ya nguruwe, ambayo huweza kukaangiwa hata mboga za majani.

Basi kabla ya kuagiza, mmoja wenu aende kwa mpishi, si kwa mhudumu, amuulize anakaangia mafuta gani, anatia mvinyo katika nini, na kuku au ng'ombe amenunuliwa wapi na amechinjwa na nani. Nyama ya bucha la mjini ambayo mchinjaji wake anajulikana kuwa Mwislamu haina shaka. Nyama ya barafu iliyotoka nje isiyo na cheti cha halali, iacheni. Na nyama ikiletwa na Waislamu, hamna haja ya kupekua kama bismillahi ilisomwa. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) aliulizwa hilo, naye akawaelekeza waulizaji walitaje jina la Allah wao wenyewe na wale, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (Radhiya Allahu anha).

Muulizeni pia karai. Ikiwa karai la nguruwe hufutwa tu kwa kitambaa kisha likatiwa mboga zenu, msile hizo mboga. Ikiwa mpishi ana karai la mbali, hapo ni halali. Ikiwa hamjui lolote la yakini, asili ya vyombo ni tohara na dhana haiiondoi. Abu Thaalaba al-Khushani alipouliza juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu, alielekezwa kutafuta vingine, na vikikosekana vioshwe na vitumike.

Sahani za katikati zina balaa moja dogo ambalo watu hulisahau: kijiko cha kuchotea. Kikitoka kwenye nguruwe kikaingia kwenye samaki, samaki wenu ameharibika. Agizeni sahani zenu, ziwekwe upande wenu na vijiko vyake.

Pombe ni jambo zito zaidi. Imepokewa kwa Tirmidhi kutoka kwa Jabir makatazo ya kukaa kwenye meza inayozungushiwa ulevi. Mume wako awaombe wenzake meza mbili za jirani, au familia yenu ile mapema na kuondoka vinywaji vikianza. Na bili isigawanywe sawa kwa sawa, maana mtakuwa mmelipia bia na kitimoto cha wengine. Ombeni bili yenu peke yake. Mikahawa imezoea, na wenzenu hawatashangaa.

Hata hivyo mume wako asiwakate wenzake. Walikualikeni kwa wema na hawakukusudia kukudhuruni. Tunamshauri awaalike wao, nyumbani kwenu Kilosa, Jumamosi mchana, uwapikie pilau na samaki wa kupaka. Awaeleze hapo, kwa utulivu, kilichotokea kwa mtoto na vitu gani hamli. Wakijua, safari ijayo wao ndio watakaomuuliza mpishi.

Wallahu aalam.