Nyumbu Wasiofika Usui

Wajuzi wa farasi tangu kale wameshikilia kwamba mnyama wa kupandwa hafunzwi uwanjani peke yake. Mgiriki Xenophon, aliyeandika katika karne ya nne kabla ya Kristo, alipoeleza kazi ya mkuu wa askari wa farasi alishauri kwamba mtu aendaye shambani kwake aiache njia iliyonyooka, akamkimbize farasi juu ya ardhi ya kila namna, ili safari ya kawaida iwe pia mazoezi. Wapandaji wa zama zetu hufanya vivyo hivyo. Mpandaji humsimamisha mnyama penye mti aliouchagua yeye mwenyewe, si penye majani aliyoyatamani mnyama. Humrudisha nyuma hatua tatu au nne kisha akamwendesha tena. Humpitisha huku na huku kati ya miti, na humsogeza ubavu ubavu kwa kumgusa kwa mguu. Kwenye mteremko humshusha polepole, uzito uende kwenye miguu ya nyuma. Njia yenyewe ndiyo chuo.

Katika historia ya nchi iliyo leo wilaya za Biharamulo na Ngara, fikira hiyo iliwahi kujaribiwa, nayo ikashindwa kabla ya kufika. Tarehe 2 Oktoba 1860 Mwingereza John Hanning Speke, pamoja na mwenziwe James Augustus Grant, waliondoka Bagamoyo kwenda kuthibitisha kwamba ziwa kubwa la kaskazini ndilo chanzo cha mto Nile. Njia waliyoikusudia ilipita Unyamwezi, Uzinza na Usui, hata Karagwe. Serikali ya Rasi, kusini mwa Afrika, ilikuwa imetoa pauni 300 za kununulia nyumbu wa mizigo, na askari 10 wa huko, Wakhoikhoi, wakajitolea kufuatana na msafara. Katika orodha yake ya watu na wanyama Speke aliandika nyumbu 12, punda 3 na mbuzi 22; na juu ya nyumbu akaongeza neno moja, kwamba hawakuwa wamefunzwa.

(Nyumbu wanaosemwa hapa ni uzao wa punda dume na farasi jike, ambao wengine huwaita baghala. Jina hilo hilo limepewa pia mnyama wa mbugani, na msomaji wa habari za safari hana budi kuangalia asije akachanganya wawili hao.)

Neno lile moja lilikuwa na uzito mkubwa. Nyumbu wa mizigo hana haja ya madaha ya uwanjani, lakini lazima ajue kusimama kimya anapofungwa shogi, kuuvumilia mkanda tumboni, kumfuata aliye mbele bila kumpita, kuingia majini bila kulala na mzigo, na kusimama mara anapoamriwa. Mambo hayo yote yaweza kufundishwa safarini, ikiwa mwalimu ni yule yule kila siku, na mwendo ni mfupi mwanzoni. Msafara wa watu zaidi ya 200, wenye wapagazi, watumwa walioachwa huru, Mabaluchi na mbuzi, haukuwa na nafasi ya kumngoja mwanafunzi mzito. Na walimu wenyewe walianguka. Homa iliwashika askari wa Rasi tangu mwanzo, hata ikabidi wengine warudishwe pwani.

Msafara ulipofika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo, mwezi wa Januari 1861, Speke alipiga hesabu ya hasara yake. Mkhoikhoi mmoja alikuwa amekufa, na watano wamerudi. Wapagazi Wanyamwezi 98 walikuwa wametoroka, na pamoja nao 25 wa watu wa mashamba waliotolewa na Sayyid Majid wa Unguja. Nyumbu wote 12 walikuwa wamekufa, na punda wote 3. Jarida la msafiri linayapanga mambo haya pamoja kana kwamba ni ya namna moja: utoro, wizi, maradhi, mizoga.

Hapa ndipo mwanahistoria anapopaswa kusimama kidogo. Je, wanyama wale walikufa kwa kukosa mafunzo, au kwa sababu nyingine? Mwaka 1857 David Livingstone alikuwa ametangaza katika kitabu chake cha safari kwamba mbung'o huua farasi, ng'ombe na mbwa, bali nyumbu, punda na mbuzi hawadhuriki. Kwa elimu ya siku zile, basi, kuchagua nyumbu halikuwa jambo la kipumbavu. Lakini elimu yenyewe ilikuwa na kosa. Ilipofika mwaka 1895 ndipo David Bruce, huko Uzulu, alipoonyesha kwamba nagana husababishwa na kijidudu cha damu kinachochukuliwa na mbung'o. Na nyumbu hana kinga nayo, na hata punda hustahimili tu kuliko farasi.

Sasa zitazamwe dalili za maradhi hayo. Mnyama hukonda ingawa anakula. Hulegea miguu ya nyuma. Hujikwaa, hubaki nyuma, hulala chini na mzigo wake, na akipigwa hanyanyuki. Ndizo dalili zile zile ambazo mchungaji asiyejua ataziita ukaidi na ukosefu wa adabu. Livingstone mwenyewe alikwama hapo mwaka 1866, alipopeleka ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda katika bonde la Ruvuma makusudi awajaribu kwa mbung'o. Askari wake wa Kihindi waliwazidishia wanyama mizigo na kuwajeruhi, hata haikujulikana ni mbung'o aliyewaua au ni fimbo. Miaka mitano baadaye H. M. Stanley aliwachukua farasi wawili kutoka Unguja. Wote wawili walikufa Kingaru, siku za mwanzo za safari. Fimbo nyingi zilizowaangukia wanyama wa misafara ile ziliwaangukia wagonjwa.

Hasara hiyo ilizaa matokeo yake mbele. Kila nyumbu aliyekufa aliacha mizigo ya watu wawili au zaidi, na mizigo hiyo ilitaka vichwa. Miezi mingi ya mwaka 1861 ilipotea kati ya Kaze na Uzinza kwa kutafuta wapagazi. Speke alipoingia Usui mwishoni mwa Oktoba, hakuwa na njia ya kupita ila kwa ridhaa ya mtemi Suwarora. Maafisa wa mtemi walidai hongo ya nyaya za shaba, merikani na ushanga, wakaongeza, wakapunguza, wakaongeza tena. Na mgeni akaondoka katikati ya Novemba bila kumwona Suwarora uso kwa uso. Speke aliyaita hayo unyang'anyi. Lakini mtawala wa Usui alikuwa akitumia alichokuwa nacho: njia, na mgeni aliyezitegemea shingo za watu. Tarehe 25 Novemba Speke alimfikia Rumanika wa Karagwe. Huko Grant alishikwa na kidonda cha mguu, akakaa mpaka Aprili 1862, kisha akachukuliwa kwa machela kwenda Buganda. Hapakuwa na mnyama wa kumpandisha.

Isidhaniwe kwamba nchi hiyo ilikuwa adui wa mifugo. Vilima vya Usui vilikuwa na ng'ombe, na Bugufi, iliyo leo Ngara, ni nyanda za juu zenye malisho. Wachungaji walijua wapi pa kulisha na wapi pa kupita usiku. John Ford, katika kazi yake ya mwaka 1971, na Helge Kjekshus mwaka 1977, walionyesha kwamba kilimo, moto na malisho vilikuwa vimemzuia mbung'o mahali pengi, mpaka sotoka ya miaka ya 1890 ilipoua ng'ombe, na vichaka vikarudi pasipo mtu wa kuvikata. Ndipo malale yakafuata, na katika miaka ya 1930 watu wa Biharamulo walihamishwa na kukusanywa katika vijiji vilivyofyekwa. Sehemu kubwa ya pori lililobaki imo leo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, ambamo mgeni hupita kwa gari, na mbung'o hulifuata gari liendalo kama walivyowafuata wanyama wa misafara.