Kauli ya Dola na Hesabu ya Wagonjwa: Burundi na Majirani Zake Wakati wa UVIKO-19, 2020–2021

Ulinganisho wa nchi za Afrika Mashariki wakati wa janga la UVIKO-19 aghalabu huanza na idadi ya wagonjwa. Makala haya yanaanza na kauli za serikali. Hoja yake ni kwamba kauli hizo ndizo zilizoamua nani apimwe, na kwa hiyo nani ahesabiwe.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, Rwanda tarehe 14, Tanzania tarehe 16 na Burundi tarehe 31. Rwanda ilisimamisha shughuli nyingi kuanzia tarehe 21 Machi. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku. Uganda ilifunga shule, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Tanzania nayo ilifunga shule, lakini ikazifungua Juni 2020. Tarehe 29 Aprili ilitoa takwimu za wagonjwa, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katika kipindi hicho, maneno "changamoto ya upumuaji" yalishika nafasi ya jina la ugonjwa.

Burundi ilisitisha safari za ndege za abiria Machi, lakini mikutano ya kampeni iliendelea. Barua ya tarehe 12 Mei 2020 ilimtaka mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani na wataalamu watatu waondoke nchini, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Mei. Siku hiyohiyo ya tarehe 12, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walishauriana kwa njia ya video kuhusu janga hilo. Burundi na Tanzania hazikushiriki.

Rais Pierre Nkurunziza alifariki tarehe 8 Juni. Tarehe 30 Juni mrithi wake, Évariste Ndayishimiye, aliutaja ugonjwa huo kuwa adui mkubwa wa nchi, na bei ya sabuni ikapunguzwa kwa nusu. Tarehe 6 Julai upimaji wa umma ulianza Bujumbura. Virusi havikuwa vimebadilika ndani ya mwezi mmoja. Kilichobadilika ni kauli. Hata hivyo, mabadiliko hayo yalikuwa na mipaka: Februari 2021 serikali ilisema haihitaji chanjo, na chanjo ilianza kutolewa Oktoba mwaka huo. Tanzania ilipita njia inayofanana. Baada ya kifo cha Rais John Magufuli Machi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai akachanjwa hadharani.

Kwa hiyo, kuweka takwimu za Burundi na za Rwanda za Mei 2020 katika jedwali moja ni kulinganisha viwango vya kupima na kusema, si viwango vya maambukizi. Mfanyabiashara wa Buyenzi mwenye wateja Uvira na Kigoma alikuwa akisikia maelezo tofauti katika kila bandari ya Ziwa Tanganyika, ilhali hatari ilikuwa ileile.

Mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, kumbukumbu za magonjwa ya mlipuko zihifadhi tarehe za kauli rasmi sambamba na takwimu. Pili, nchi za Jumuiya zikubaliane mapema juu ya istilahi za tahadhari kwa Kiswahili, Kirundi na lugha nyingine za mipakani. Ugonjwa usiotajwa haupimwi, na usiopimwa huonekana katika jedwali kana kwamba haukuwapo.