Majaji Zaidi kwa Ajili ya Nani? Fundisho la Historia ya Mahakama Kilimanjaro

Katika madarasa yetu ya siasa huulizwa mara kwa mara swali hili: mashauri yakiwa mengi na majaji wachache, je, dawa si kuteua majaji wengine? Jibu la haraka ni ndiyo. Katiba yetu yataka Mahakama Kuu iwe na Jaji Kiongozi na majaji wengine wasiopungua 30, na yataka haki isicheleweshwe bila sababu ya msingi. Lakini kada hatosheki na jibu la haraka. Yampasa aulize: jaji anaongezwa kwa ajili ya nani, na ni nani anayebaki nje ya mlango? Historia ya Moshi na miteremko ya Kilimanjaro yatusaidia kujibu.

Mtu mmoja, madaraka yote

Kabla ya wakoloni, wazee wa ukoo waliamua ugomvi wa mipaka na wa mifereji ya maji. Aliyekosa alipeleka jani la sale kuomba msamaha, na sale hilohilo liliotesha mpaka wa kihamba. Tusiusifu utaratibu huo kupita kiasi: mwanamke hakuwa na sauti ndani yake, na mangi mwenye nguvu alifanya apendavyo. Hata hivyo mashauri yalisikilizwa na watu wanaoijua ardhi na wanaoishi juu yake.

Mjerumani alikuja na haki ya mtutu wa bunduki. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Maofisa wa jeshi waliowashtaki ndio waliowahukumu, na ndio waliotekeleza hukumu. Hapakuwa na mahali pa kukata rufaa.

Mwingereza alibadili sura, si kiini. Mahakama Kuu ya Tanganyika iliundwa kwa amri ya mwaka 1920. Lakini sheria ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama za wenyeji chini ya Mahakama Kuu na kuziweka chini ya watawala. Mkulima wa Kibosho au Marangu aliyeshindwa mbele ya mangi alikata rufaa kwa Mkuu wa Wilaya, kisha kwa Mkuu wa Jimbo, na mwisho kwa Gavana. Mangi huyohuyo alisimamia kodi, alitoa amri chini ya sheria ya mwaka 1926, na kumtoza faini asiyezitii.

Hapa pana fundisho la kwanza. Hata kama Mwingereza angaliongeza majaji kumi, mkulima yule asingalifaidika, kwa kuwa mlango wa majaji ulifungwa mbele yake. Idadi ya majaji haina maana kwa mnyonge asiyeruhusiwa kuwafikia.

Mlango wafunguliwa

Baada ya Uhuru, utawala wa machifu ulifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika mwaka 1964, ilivunja ukuta huo. Ngazi ikawa moja kwa watu wote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Hakimu alikuwa mtumishi wa Mahakama, si mtoza kodi. Katika Mahakama ya Mwanzo aliketi pamoja na wazee wa baraza, na lugha ilikuwa Kiswahili.

Mapinduzi haya yalizaa tatizo jipya. Waliokuwa wamezuiwa sasa walipanda ngazi. Kwa hiyo foleni tunayoilalamikia ni tunda la Uhuru: ni wananchi wanaodai haki yao. Mahakama Kuu nayo ililazimika kuwafuata. Kufikia mwaka 1967 ilikuwa na masjala Arusha na Mwanza, mbali na Dar es Salaam, na rufaa za Kilimanjaro zilikwenda Arusha. Baadaye Moshi ikapata masjala yake.

Kumsogeza jaji si jambo la heshima ya mji. Mshtakiwa wa mauaji hana dhamana. Hukaa rumande akingoja Mahakama Kuu. Jaji akikosekana, asiye na hatia hula miaka yake gerezani, na mwenye hatia huchelewa kuhukumiwa. Mjane wa Rombo mwenye rufaa ya kihamba hulipa nauli kila shauri linapoahirishwa, huku mwenye fedha akingoja achoke.

Jaji aliye karibu aweza pia kuubadili mwenendo wa jamii. Shauri la Bi. Holaria Pastory, aliyeuza shamba la ukoo huko Muleba, lilianzia Mahakama ya Mwanzo alikoshindwa, likafika Mahakama Kuu Mwanza. Huko, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila ya kumnyima mwanamke uwezo wa kuuza ardhi hiyo ilipingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Bila ngazi ile mama huyo angalibaki na uamuzi wa chini.

Hatari ya njia ya mkato

Haki ikichelewa, hata wenye nia njema hushawishika kuikwepa mahakama. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, iliundwa mahakama maalumu ambamo mshtakiwa hakuwa na dhamana wala wakili. Mwaka uliofuata sheria hiyo ilibadilishwa na mashauri hayo yakapelekwa Mahakama Kuu. Taifa lilijikosoa, na lilifanya vema.

Nasi tujikosoe. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliwapa Wakuu wa Mikoa na wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, kwa masharti, naye asipofikishwa kwa hakimu ndani ya saa 48 aachiwe. Kiongozi anayeutumia uwezo huo kumtia adabu mwananchi aliyembishia mkutanoni amerudi kwenye boma la Mjerumani: yeye ndiye mshtaki, na yeye ndiye mwamuzi. Kada anayempigia hakimu simu juu ya shauri la ndugu yake ni wa aina hiyohiyo.

Mashauri huzaliwa wapi?

Fundisho la mwisho ni kwamba mashauri hayazaliwi mahakamani. Mlimani ardhi haiongezeki. Mila ilimpendelea mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho. Wa kati walitafuta kwingine, na mabinti hawakuhesabiwa. Kahawa ilipoipa ardhi thamani ya fedha, kila hatua ya mpaka ikawa shauri. Mwaka 2021 Mabaraza ya Kata yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, yakabaki kusuluhisha. Usuluhishi ukiwa dhaifu kijijini, mzigo wote hupanda juu, na majaji wapya nao watalemewa.

Kwa hiyo tunasema: majaji waongezwe, lakini ngazi nzima iimarishwe pamoja nao. Mahakama ya Mwanzo ipate hakimu, jengo na karatasi. Kiswahili, ambacho sheria ya mwaka 2021 ilikifanya lugha ya mahakama zote, kitumike kweli hadi katika hukumu, ili mdai asome mwenyewe kwa nini ameshindwa. Na sisi makada, kazi yetu ni kuwaeleza wananchi haki zao, kuwahimiza wazazi waandike wosia unaowahesabu mabinti, na kusuluhisha bila upendeleo.

Kazi ya kuhukumu tumwachie hakimu. Kwa hilo wazee wetu walidai Uhuru: mtawala na mwamuzi wasiwe tena mtu mmoja.